Duka likikataa noti, mwenye noti aende wapi?

Mleta hoja, Kibokoni

Assalam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Nina hoja, ila nitaanza na kisa.

Wiki jana bibi yangu alikwenda peke yake zahanati moja ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa. Ni mtu wa miaka sabini na kitu, miguu bado ina nguvu, na hapendi kushikwa mkono. Pesa alikuwa nazo: noti ya elfu na mbili za mia mia, kazifunga kwenye pindo la leso kama alivyofunga pesa maisha yake yote. Daktari kamuona, dawa zikaandikwa, akafika dirishani. "Bibi, hapa hatupokei keshi. Ni tili tu." Yaani alipe kwa simu, kwa namba ya M-Pesa ya zahanati.

Simu anayo, ile ndogo ya mulika mwizi, lakini laini haikuwa na hata shilingi. Akaelekezwa kwa wakala wa M-Pesa ng'ambo ya barabara aweke pesa kwanza. Wakala akataka kitambulisho. Kitambulisho kiko nyumbani, kabatini, chini ya mashuka ya Idi.

Aliyemwokoa ni bawabu. Alichukua zile noti, akalipa kwa simu yake, na risiti ikatoka na jina lake yeye. Bibi alipofika nyumbani aliniwekea ile karatasi mezani. "Soma. Leo nimepimwa presha nikiwa kijana wa kiume."

Tulicheka sana. Usiku nikawa nawaza: je, bawabu angekuwa mtu wa kutia noti mfukoni na kusema mtandao umekwama?

Hoja yangu ni hii. Biashara, na hasa ya dawa, maji na karo, isiruhusiwe kukataa noti ya Benki Kuu ya Kenya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 chataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima. Sisemi turudi nyuma, mimi mwenyewe hata mkate nalipa kwa simu. Nasema mlango mpya ukifunguliwa, ule wa zamani usipigwe kufuli. Mwasemaje?

Muuza viazi karai, Likoni

Pole kwa bibi, ndugu yangu. Lakini ngoja nikuelezee upande wa kwetu, kwa sababu nyinyi mnaonunua hamuyajui ya anayeuza.

Mimi nauza karibu na feri. Zamani nikifunga kazi saa tatu usiku, natembea na pochi kifuani na roho mkononi. Nimewahi kuporwa mara mbili. Nimewahi kupewa noti bandia ya mia tano na mtu aliyekula sahani mbili na kuomba ukwaju wa ziada! Na chenji je? Mteja ana elfu, viazi vya hamsini, feri inapiga honi, nami nazunguka kwa wenzangu kuomba chenji huku mafuta yaungua. Siku hizi watu wanalipa kwa simu, nafika nyumbani pochi tupu na moyo umetulia. Na jambo jingine, la wanawake tu: pesa iliyo kwenye simu haiombwi na kila anayekuona umerudi kazini.

Uchungu wake nao upo. Naona vijana wanalipa viazi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Kiazi cha mkopo! Akitumiwa pesa na mamake kesho, deni linakatwa kwanza kabla hajaiona. Lakini hilo ni lake, mimi nimeshalipwa.

Noti sizikatai. Ila ukiniletea elfu asubuhi ya saa moja, tutagombana.

Kijana, Kisauni

Huyo bibi afundishwe tu. Dakika kumi. Dunia haimsubiri mtu.

Keshia, Ganjoni

Mimi nakaa nyuma ya dirisha kama lile, si hilo la bibi, lingine. Watu wanadhani sisi ndio tunaokataa noti. Aliyekataa ni tajiri wetu, mwenye biashara. Sababu yake ni moja: malipo ya tili anayaona kwenye simu yake papo hapo, hata akiwa Dubai. Noti lazima aniamini mimi, na haniamini.

Nami sikatai, kwa sababu zama za keshi, droo ikipungua mia mbili jioni, mia mbili zile zilikatwa kwenye mshahara wangu. Tangu tuhamie tili sijakatwa hata senti. Kwa hivyo hoja yako naielewa, lakini ukishinda wewe, droo itarudi kwangu. Ukidai noti zipokelewe, dai pia nani atabeba upungufu.

Dereva wa lori mstaafu, Mikindani

Wanangu, haya ya "dunia haimsubiri mtu" mimi niliambiwa 2019. Reli mpya ilianza kubeba abiria 2017, tukapiga makofi, na mimi mwenyewe nilipanda nikapeleka wajukuu Nairobi. Kisha ikaja amri kwamba makontena ya bara yapande treni. Aliyetaka lori hakuulizwa. Hapa Mikindani na Changamwe magereji yakalala, mama ntilie wakaondoa masufuria, watu wakaandamana kila Jumatatu mpaka amri ikasimamishwa mwezi wa kumi. Treni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni amri.

Mleta hoja, Kibokoni

Mzee wa Mikindani, umelisema vizuri kuliko mimi.

Kijana wa Kisauni, hili la dunia kutosubiri nalijibu kwa M-Pesa yenyewe. Ilipoanza Machi 2007, haikumnyang'anya mtu noti. Ilifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, na kando yake kulikuwa na wakala mtaani aliyepokea noti yako na kukurudishia noti ukitaka. Mtu alikuwa na njia ya kuingia na njia ya kutoka. Ndiyo maana mpaka mabibi zetu waliikubali: bibi alijua pesa ya mwanawe aliye Nairobi itamfikia mkononi, aihesabu kwa vidole. Sasa twaambiwa noti ni ushamba, na hali noti ndiyo iliyomfanya mtu aiamini simu.

Na mtandao wenyewe mwautegemea kana kwamba ni hewa. Sisi wa Mombasa tungepaswa kujua zaidi, maana nyaya za baharini zinatua hapa kwetu. TEAMS na Seacom zilifika 2009, kabla ya hapo nchi ilikuwa ikitegemea setilaiti. Mei 2024 Seacom na EASSy zilipata hitilafu kule kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kwetu intaneti ikawa yajikokota. Julai 2023 wadukuzi waliuvamia mfumo wa eCitizen, ule wa huduma za serikali mtandaoni, watu wakakwama na mambo ya pasipoti na tikiti za treni. Siku kama hizo, zahanati isiyopokea noti hufanya nini? Humwambia mgonjwa asubiri?

Dada wa Ganjoni, wewe ndiye uliyenibana. Nimefikiri na sina jibu zuri. Nakubali upungufu wa droo usikatwe kwenye mshahara wa keshia bila ushahidi, na hilo nalo liwe sharti la sheria ninayoitaka. Hata hivyo, kutomwamini keshia ni shida ya tajiri, haifai kumwangukia bibi mwenye presha.

Kondakta, Bamburi

Mwasahau 2014 serikali ilipotaka nauli ya matatu iwe ya kadi tu? Iliishia wapi? Leo tunapokea simu na noti zote mbili, hakuna aliyetulazimisha, na gari linajaa.

Kijana, Kisauni

Sawa, wazee mmenizidi wingi. Lakini namba ya siri bibi anaijua au anamwachia mjukuu? Huko ndiko wanakoibiwa. Ile meseji ya "nimetuma kwa makosa, nirudishie" inawamaliza.

Mleta hoja, Kibokoni

Nimemsomea maneno yako baada ya maghrib. Amesema namba ya siri anaijua na hampi mtu, mimi nikiwemo. Ile meseji ya makosa ilishamjia, akampigia aliyeituma, akamwambia aende akaulize benki, kisha akakata. Kitambulisho sasa anakifunga pindoni pamoja na noti.

Halafu akaifungua ile leso, akatoa noti ya mia, akaigeuza mbele ya taa. "Muulize huyo kijana. Hii ina picha ya jumba la KICC na maandishi ya Benki Kuu. Ni nani kawaambia haina kazi?"