Tupeane uzoefu: mliofunga ndoa ya kiserikali ugenini, viza mliipataje?

Pete Mfukoni (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kila siku kuna mtu ananifuata faragha na swali lilelile: "Mchumba wangu yuko nje, nikienda kwa viza ya matembezi tunaweza kufunga ndoa hukohuko?" Nimechoka kumjibu mmojammoja. Kila aliyepitia aandike yake hapa, na taja nchi, maana ushauri wa jumla ndio unaotuponza. Naanza mimi, kwa sababu niliingia mkenge mzima mzima.

Mwenzangu alikuwa Uingereza. Nilikuwa na viza ya kawaida ya mgeni, bado hai, nikasema ya nini kujisumbua kuomba nyingine. Tukaenda kwa msajili tumependeza. Mama aliyetupokea akafungua pasipoti yangu, akapitisha kidole juu ya viza, akarudia tena mstari uleule, kisha akaifunga na kuisukuma taratibu hadi upande wangu wa meza. Akauliza kama nina viza nyingine. Sikuwa nayo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kule, anayekwenda kufunga ndoa na kurudi kwao anatakiwa awe na viza ya mgeni wa ndoa. Ni ya miezi 6, unaiomba kabla hujaingia, na huwezi kuibadilisha ukiwa ndani ili ubaki. Anayetaka kubaki na mwenzake anaomba viza ya mchumba au ya mwenza, njia tofauti kabisa. Hata raia wa nchi zisizohitaji viza kwenda kutalii, wakitaka kuoana huko wanaihitaji.

Nikarudi, nikaomba upya, nikapata. Kosa la pili likawa la hesabu. Kazini nilipewa likizo ya siku 30. England na Wales lazima mkae katika eneo la msajili siku 7 kabla ya kuandikisha kusudio la ndoa, kisha msubiri siku 28, na wakiamua kuwachunguza zinafika 70. Jumlisha 7 na 28 uone. Likizo iliisha ndoa bado. Nikaomba siku zaidi bila mshahara, bosi akanuna wiki nzima, lakini tulioana.

Mvuta Subira
Pole mkuu. Mimi nilipita njia ya Marekani, viza ya mchumba, ile K-1. Anayekuombea lazima awe raia, na lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla hajawasilisha maombi. Simu za video hata ziwe elfu hazihesabiki kuwa ni kuonana. Sisi tulikuwa tumeonana mara moja tu, siku 9, na ushahidi wetu ulikuwa mihuri ya pasipoti, tiketi na picha.

Usaili niliuogopa bure. Nilikariri majibu kama mtoto wa shule: siku ya kuzaliwa, kazi yake, majina ya ndugu zake. Ofisa akachomoa picha moja tu, akaniuliza mzee aliyesimama pembeni ni nani. Nikasema sijui, alipita tu tukapiga picha. Akacheka. Viza ikatoka.

Ukishaingia una siku 90 za kufunga ndoa, na ni na huyohuyo aliyekuombea. Mkishindwana unarudi kwenu. Huwezi kuolewa na mwingine ukabaki. Baada ya ndoa ndipo unaomba ukaazi, na hapa ndipo nilipoumia. Bibi yangu alifariki wakati maombi yangu ya ukaazi yanaendelea. Ukitoka nchini bila kibali cha kusafiri, maombi yanahesabika umeyaacha. Kibali changu kilikuwa hakijatoka. Nilimzika bibi kwa simu.

Jicho la Tai
Dada, pole sana. Swali: mchumba wangu ana green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, si raia. Anaweza kuniombea hiyo K-1?

Mvuta Subira
Hawezi kaka. Mwenye green card anafunga ndoa kwanza, kisha anakuombea kama mke au mume. Foleni yake ni ndefu kuliko ya raia, jipange kisaikolojia.

Mgeni Njoo
Yangu ni ya Ujerumani, ila ndoa tulifungia Denmark. Msajili wa Ujerumani alitaka cheti kutoka nchi yangu kinachothibitisha kwamba sheria ya kwetu inaniruhusu kuoa, wao wanakiita Ehefähigkeitszeugnis. Nchi nyingi hazitoi karatasi ya namna hiyo. Basi unaomba usamehewe na mahakama ya juu ya jimbo, na msamaha ukitoka una uhai wa miezi 6. Karatasi moja ikichelewa nyingine inaisha muda. Tulizungushwa mpaka mwenzangu akaanza kuota nyaraka usingizini, kweli kabisa, anaamka usiku anauliza kama cheti cha kuzaliwa kiko wapi.

Denmark unaomba kwa mtandao kwenye Familieretshuset, ndiyo mamlaka yao ya mambo ya familia. Wakiridhika wanatoa cheti cha uhalali wa kuoana, kina miezi 4, mnachagua manispaa, mnafika na nyaraka halisi mkononi. Sharti uwe umeingia kihalali. Mimi nilikuwa na viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Angalieni siku zilizoandikwa kwenye viza yenyewe. Mtu anakariri ule ukomo wa siku 90 ndani ya kila siku 180, kumbe yeye kapewa siku 15.

Sasa sikilizeni hapa. Ujerumani waliikubali ndoa ya Denmark. Lakini kukubali ndoa si kukupa ukaazi. Nilirudi kwetu nikaomba viza ya kuungana na familia, na nikafanya mtihani wa Kijerumani ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa. Nimeoa mwezi wa tano, nimeanza kuishi na mke wangu mwaka uliofuata. Anayekwambia "nendeni Denmark mambo yaishe" amekupa nusu ya habari.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya kupokea nyaraka hizi miaka mingi. Ugomvi mkubwa ni mihuri. Kama nchi iliyotoa cheti na nchi kinakopelekwa zote zimo kwenye mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, unagongewa apostili, muhuri mmoja wa kuthibitisha kwamba cheti ni halali, basi. Kama moja haimo, unapita wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa unakokwenda. Na jamani, ulizeni mapema kama muhuri nao unatakiwa kutafsiriwa. Nimeona watu wanatafsiri cheti kwanza, wanakwenda kugongewa, halafu wanaambiwa muhuri wenyewe hauko kwenye tafsiri. Wanaanza upya na kulipa upya.

Na herufi! Pasipoti ina "h", cheti cha kuzaliwa hakina. Leta kiapo kabla hujaulizwa.

Bahati Yangu
Mbona mnatisha watu? Sisi tulioana Las Vegas, Marekani, kwa viza ya matembezi. Leseni ya ndoa unachukua kwa karani wa Clark County, wilaya lilimo jiji hilo, hakuna kusubiri, hawadai uwe mkaazi. Tuliingia na pasipoti tukatoka na leseni. Ofisa wa viza nilimwambia natalii tu.

Pete Mfukoni (mleta mada)
Mkuu, mlioana mkarudi kwenu, sivyo? Kwa viza ya matembezi hilo linaruhusiwa, tena ungemwambia ukweli na ushahidi kwamba unarudi. Hapo kwenye "natalii tu" ndipo sikubaliani nawe. Anayeingia kwa lugha hiyo huku moyoni amepanga kuoa na kubaki, siku wakimbaini wanamwandika kuwa alidanganya, na hilo linamfuata kila anapoomba viza tena.

Bahati Yangu
Tulirudi baada ya siku 10. Sawa, hilo nimelipokea.

Mama Kimya
Nchi yangu siitaji, nina sababu. Viza ilikuwa sawa, mihuri sawa. Kikwazo kilikuwa lugha: mume wangu mtarajiwa hakuelewa lugha ya msajili, tukaambiwa tulete mkalimani, na mimi siruhusiwi kumkalimania. Tukampata kijana mmoja mwenye haya, shati limemzidi. Msajili akauliza lile swali lenyewe. Kijana, kwa kihoro, badala ya kutafsiri akajibu yeye: "Ndiyo, nakubali." Msajili akaweka kalamu chini, akamtazama, akauliza upya.