Tupeane uzoefu: mchezaji wa drafti ya NFL uliyempima vibaya, na yule uliyempatia

Wakuu, habari za jioni.

Drafti ninayoisema si ile ya kete na visoda pale kijiweni. Ni ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani: timu 32 zinapokezana zamu kuchukua vijana wa vyuo, raundi 7, siku tatu. Aliyevurunda msimu uliopita anaanza kuchagua, bingwa anamalizia. Najua humu tumo wengi tunaoifuatilia, wa huku Marekani na wa nyumbani. Kila mmoja aeleze mchezaji aliyempima akakosea, au aliyempatia wakati wengine wamepotea, na alikuwa anaangalia nini. Nianze mimi.

Niko Kansas City, kazi yangu lori. Usiku ule wa Aprili 2017 nilikuwa nimepaki kituo cha mafuta nasikiliza redio. Zamu ya Chiefs, timu yetu ya Kansas City, ilikuwa ya 27. Ghafla mtangazaji anasema wamepanda hadi ya 10. Walichowapa Buffalo Bills ni ile ya 27, zamu ya raundi ya tatu, na zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Yote hayo kwa ajili ya Patrick Mahomes wa Texas Tech.

Niliumia kweli. Tulikuwa na Alex Smith, kwotabeki mtulivu (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), na timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 12. Mimi nilitaka beki. Nikampigia shemeji nikamwambia tumeuza shamba tukanunua pikipiki. Mahomes nilikuwa nimemwona chuoni: anarusha mpira akiwa mbioni, miguu haijakaa, mara mkono unatokea pembeni kama mtu anayerusha jiwe mtoni. Kwangu huyo alikuwa hajafundishwa. Isitoshe, timu yake ilikuwa inafungwa. Oktoba 2016 walipigwa na Oklahoma 66 kwa 59, nami nikabaki na hilo kichwani: kafungwa.

Mechi hiyohiyo nimeirudia baadaye. Siku hiyo Mahomes alirusha yadi 734. Ulinzi wao ulikuwa unavuja kama nyasi za paa bovu, kwa hiyo kila akishika mpira ilikuwa lazima afunge, hakuna kupumzika, na aliendelea kufunga hadi dakika za mwisho. Mimi nilikuwa nimesoma ubao wa matokeo, mchezaji sikumsoma.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Kocha Andy Reid alikuwa tayari kumweka Mahomes benchi msimu mzima. Mwaka ule wa kwanza alianza mechi moja tu, ya mwisho. 2018 akarusha pasi 50 za tachdauni, yaani za kufunga, na tuzo ya mchezaji bora akaichukua. Vikombe vitatu vya Super Bowl, fainali ya ligi, vimefuata. Usiku uleule Chicago Bears walitoa zamu za ziada kupanda kutoka ya 3 hadi ya 2, wakamchukua Mitchell Trubisky. Ndugu zangu wa Chicago, poleni, maana hata mimi ningemchukua Trubisky.

Haya, karibuni.

Mbongo wa San Jose

Mkuu, sisi wa 49ers, timu ya San Francisco, tuna makosa na bahati chini ya paa moja.

2021 tulitoa raundi za kwanza tatu, yetu ya mwaka ule na za miaka miwili iliyofuata, pamoja na raundi ya tatu, tukapanda kutoka zamu ya 12 hadi ya 3. Tukamchukua Trey Lance wa North Dakota State. Nilishangilia hadi mke wangu akaamka. Jezi niliinunua wiki hiyohiyo. Nilichokiona ni mwili, mkono wenye nguvu, na msimu wa 2019 aliorusha tachdauni 28 bila mpira hata mmoja kunyang'anywa. Ambacho sikukihesabu ni mechi. Alikuwa na msimu mmoja kamili tu, na 2020 alicheza mechi moja kwa sababu ya korona.

Simlaumu kijana. 2022 alivunjika kifundo cha mguu mechi ya pili ya msimu, na mtu asiyecheza haijui kazi. Agosti 2023 alipelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne.

Sasa mwaka huohuo wa 2022 tulikuwa na zamu ya 262, ya mwisho kabisa. Tukamchukua Brock Purdy wa Iowa State. Mfupi kwa nafasi yake, mkono wa kawaida. Nilizima luninga nikaenda kulala. Desemba kwotabeki aliyekuwa anaanza akaumia, Purdy akaingia, akashinda, akashinda tena. Msimu wa 2023 tukafika Super Bowl, mshahara wake ukiwa dola 870,000, wakati wenzake wa nafasi hiyo wanalipwa mamilioni kwa makumi. Fedha zilizobaki ndizo zilizowalipa wengine wote uwanjani.

Purdy alikuwa ameanza mechi zaidi ya 40 chuoni. Tangu hapo, nikimpima kwotabeki, kwanza nauliza amecheza mechi ngapi, na ngapi kati ya hizo timu yake ilikuwa nyuma.

Mama wa Minneapolis

Salaam kwenu. Mimi ni wa Vikings, timu ya huku Minnesota, na mpira huu nilijifunza kwa sababu ya mwanangu anayecheza shule ya sekondari, nafasi ya mpokeaji, yule anayekimbia kudaka pasi.

2016 timu yetu ilimchukua Laquon Treadwell zamu ya 23. Nilimpenda kwa umbo. Kifua kipana, mikono mirefu, mpira akiupata hamnyang'anyi. Msimu wake wa kwanza alidaka pasi moja. Moja tu, yadi 15. Nilikuwa sielewi kabisa.

Aliyenifumbua macho ni kocha wa mwanangu. Aliniambia, mama, acha kuangalia mpira, angalia hatua tatu za mwisho kabla mpokeaji hajageuka. Wengi wakikaribia kugeuka huanza kupiga vihatua vidogovidogo, mabega yanainuka, kichwa kinainuka. Beki akiviona hivyo anajua hapa ndipo, anaruka mbele. Mpokeaji mzuri anakuja kwa mwendo uleule, kifua kimeinama vilevile, kisha anakanyaga mguu wa nje mara moja na kuondoka. Beki anabaki anaelekea kwingine.

2020 nikakaa na mwanangu kuangalia video za Justin Jefferson wa LSU, chuo cha Louisiana. Watu walimtilia shaka kwa kuwa msimu wake wa mwisho alicheza zaidi ndani, karibu na katikati, ambako hakabwi usoni tangu mpira unapoanza. Mwanangu alikuwa anairudisha nyuma video, anaisimamisha kila anapogeuka. Vihatua havipo. Nikamwambia baba yake, huyu akitufikia nafunga kula siku moja ya shukrani. Philadelphia Eagles walikuwa mbele yetu zamu ya 21, wakamchukua mpokeaji mwingine, Jalen Reagor. Tukampata Jefferson ya 22. Mwaka wake wa kwanza yadi 1,400. Siku yangu niliifunga.

Kijana wa Dallas

Mimi naongelea mkakati zaidi kuliko mchezaji. Oktoba 1989 Cowboys wetu walikuwa hawana kitu isipokuwa mkimbiaji (anayebeba mpira na kukimbia nao) mmoja mkali, Herschel Walker. Kocha Jimmy Johnson akamtoa kwa Vikings (samahani mama), akapata wachezaji na rundo la zamu. Nyingine akazichezesha tena kwa kubadilishana, akampata Emmitt Smith 1990. Vikombe vitatu vikaja ndani ya misimu minne.

Kwa hiyo imani yangu ni moja: shuka kwenye foleni, kusanya zamu. Hakuna mwenye jicho la kupatia kila mara, basi afadhali utupe nyavu nyingi. Na mkimbiaji usimlipie raundi ya kwanza.

Mwanzisha mada

Kijana wa Dallas, nakubaliana nawe kwa nafasi zote isipokuwa kwotabeki. Huyo ukimwamini, panda. Na huyo Emmitt Smith si alikuwa mkimbiaji wa raundi ya kwanza, zamu ya 17?

Kijana wa Dallas

Kweli mkuu. Hapo sina la kusema.

Mchezaji wa zamani wa raga, Nairobi

Huku kwetu raundi ya kwanza inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi huwa naweka chai kwa chupa na kukaa jikoni ili nisiamshe watoto.

Nilicheza raga hadi goti likakataa. 2013 Indianapolis Colts walipomsajili Mkenya mwenzetu Daniel Adongo kutoka raga, nje ya drafti, niliwaambia jamaa zangu ndani ya mwaka tutamwona kila wiki. Mwili upo, mbio zipo, kugongana amezoea. Walimweka nyuma ya ukuta wa ulinzi. Alicheza mechi chache, na kufikia 2015 ikawa imeisha. Iliniuma kama ni ndugu yangu.

Kwa hiyo 2018 Eagles walipomchukua Jordan Mailata wa Australia, raundi ya saba, zamu ya 233, mtu wa raga ambaye hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira huu, nikasema wanarudia kosa lile lile. Misimu miwili hakucheza. Nikajiona nimepatia. 2020 akaanza kucheza, akaishika nafasi ya kushoto mwa ukuta, anayelinda mgongo wa kwotabeki. Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles wakiwafunga Chiefs Super Bowl 40 kwa 22. Pole, mkuu wa Kansas City.

Nimeifikiria sana tofauti yao. Yule anayekaa nyuma ya ukuta wa ulinzi lazima asome mchezo mzima kwa nusu sekunde: huu ni mkimbio au pasi, mpira unaenda kushoto au ni chambo. Macho hayo mtoto wa huko anayapata tangu akiwa na miaka minane. Huwezi kumpa mtu mzima kwa miezi michache. Mlinzi wa kwotabeki, kazi yake ni ngumu lakini iko mahali pamoja: miguu, mikono, mtu mmoja mbele yako, unarudia maelfu ya mara hadi mwili ushike. Na Mailata alipata kocha wa ukuta, Jeff Stoutland, aliyekaa naye miaka. Siku hizi sipimi mwanaraga kabla sijajua wanamweka wapi na nani atamfundisha.

Mtu wa Dar

Mnisamehe, mimi ni wa kikapu, ila jambo ni hilohilo. 2009 Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa zamu ya 2 drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Mtanzania! Nilikaa macho usiku kucha, nikalia kwa furaha. Nilimpima kwa urefu, mita 2.21, na kwa bendera. Zamu ya 3 alikwenda James Harden, ya 7 Stephen Curry, na siku ile sikuwaona hata kidogo.

Ninachotaka kusema, na nakisema kwa mapenzi, ni kwamba kijana alishika kikapu akiwa tayari na miaka kama 15. Alihitaji muda. Anayechukuliwa zamu ya 2 hapewi muda, anaambiwa atoe matunda msimu huohuo, na yeye msimu wake wa kwanza haujaisha akashushwa ligi ya maendeleo. Angechukuliwa zamu ya 25, na timu yenye subira, huenda tungekuwa na hadithi nyingine. Nikisoma habari ya Mailata hapo juu, misimu miwili bila mechi na hakuna aliyempigia kelele, roho inaniuma.

Mwanzisha mada

Mtu wa Dar, umenigusa. Mahomes naye alisubiri.

Kuna mwenzetu kaniandikia pembeni kwamba yote haya ni maneno, mbio ndiyo kila kitu, unaweza kumfundisha mwenye mbio kudaka lakini mwenye kudaka humfundishi mbio. Mkuu, chukua mwaka uleule wa 2017. Pale Indianapolis, kwenye vipimo vya vijana, John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo. Akachukuliwa zamu ya 9, moja kabla ya Mahomes. Majeraha hayakumpa nafasi. Cooper Kupp alikimbia 4.62, akasubiri hadi ya 69. Msimu wa 2021 aliongoza ligi kwa pasi alizodaka, kwa yadi na kwa tachdauni, akamaliza akiwa mchezaji bora wa Super Bowl.

Lakini sitakuficha: 2024 sisi wenyewe tulimchukua Xavier Worthy, aliyevunja rekodi ile kwa 4.21. Safari hii sikumpigia shemeji simu. Nilifanya kama alivyoandika mama wa Minneapolis, niliangalia hatua tatu za mwisho. Mama, nina swali. Kwenye luninga kamera inafuata mpira, wapokeaji wanatoka nje ya picha. Wewe miguu unaionaje?

Mama wa Minneapolis

Kwenye luninga huioni, baba. Tafuta video zinazopigwa kutoka juu, zinazoonyesha wachezaji wote 22. Na ukienda uwanjani usikae katikati ambako kila mtu anakimbilia. Kaa nyuma ya mstari wa mwisho, ngazi za juu. Hapo mpokeaji anakuja anakutazama, unaona mabega, unaona magoti, unaona beki anayemkaba anaanza kuyumba upande gani. Mimi huenda na blanketi na daftari. Mwanangu kila akipiga vihatua naweka alama, tukifika nyumbani tunahesabu. Mwezi wa tisa zilikuwa 11 mechi moja. Ijumaa iliyopita zilikuwa 4.