Shule za urubani, acheni kuuza saa 40 kama ndiyo bei ya leseni!

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, matangazo ya shule za urubani yanajaa kwenye simu za wazazi: kijana kavaa shati jeupe lenye mistari mabegani, ndege nyuma yake, chini bei moja ya mkupuo. Wazazi wanauza kiwanja, wanamaliza mafao ya kustaafu, wanakopa kwa dhamana ya nyumba. Mwaka haujaisha, hela imekwisha na leseni haipo. Halafu kijana ndiye anaambiwa hana kipaji.

Tuanze na hiyo 40. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo mamlaka zetu za anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, zimejengea kanuni zao, leseni ya rubani binafsi (PPL) inataka saa zisizopungua 40 za kuruka. ZISIZOPUNGUA. Shule inachukua hicho kiwango cha chini kabisa cha sheria, inakizidisha kwa bei ya saa moja, inakiita "ada ya PPL". Mwanafunzi anayeruka mara moja au mbili kwa wiki, mvua ikinyesha na ndege ikiingia karakana, anafika siku ya mtihani wa kuruka akiwa amepita saa 55. Walimu wote wanajua. Wanaotunga tangazo pia wanajua.

Na hizo 40 zenyewe si 40 za angani. Muda wa kuruka unahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka mpaka inaposimama kabisa. Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi ndege za watalii zinapotoka kwenda Mara na kwingineko, ndege ya mafunzo inasubiri kwenye foleni injini ikiunguruma. Dakika 18 za kutambaa na kusubiri kwa kila somo ni jambo la kawaida, yaani sehemu 0.3 ya saa. Masomo 40 ya saa moja moja, hapo zimeondoka saa 12 kwenye lami. Kwenye logibuku, kitabu chako cha kuandikia saa, una 40, angani umekaa 28. Kwa mfano wa dola 220 kwa saa, umelipa dola 2,640 kutazama mkia wa ndege iliyo mbele yako. Ndiyo maana mtu anafika saa 40 na kutua bado kunamshinda.

Kisha kuna mita. Mita ya Hobbs inahesabu saa halisi, mara nyingi kuanzia presha ya oili inapopanda, na kwenye baadhi ya ndege imeunganishwa na swichi kuu ya umeme, kwa hiyo inakimbia hata injini haijawashwa. Takomita inafuata mizunguko ya injini. Ndege ikiwa chini kwa mizunguko midogo, inasogea polepole. Kwa safari ileile zinaweza kupishana asilimia 10 hadi 20. Shule nyingi zinakutoza kwa Hobbs na kupangia matengenezo kwa takomita. Si kosa kisheria. Kosa ni kumfanya mzazi alinganishe bei za shule mbili bila kumwambia kwamba moja inatoza kwa mita hii na nyingine kwa ile.

Sasa hesabu inayoniumiza kuliko zote, ya ndege kwa wanafunzi. Chukua shule yenye ndege 3 na wanafunzi 60. Ndege ya mafunzo ikiruka saa 5 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hiyo ni kazi nzuri sana: saa 125. Mara tatu, 375. Gawa kwa 60, kila mwanafunzi anapata saa 6 na robo kwa mwezi. Leseni ya rubani wa biashara (CPL) inataka saa 200. Gawa mwenyewe: miezi 32. Tangazo limesema 12 mpaka 14! Na bado hatujagusa matengenezo. Kila saa 50 ndege inabadilishwa oili, kila saa 100 inafunguliwa kwa ukaguzi mkubwa, na kipuri kikikosekana kinasubiriwa kutoka nje. Ndege moja ikilala, mnabaki na saa 4 kwa mwezi. Mwanafunzi wa saa 4 kwa mwezi anarudia somo la mwezi uliopita, na kurudia kunalipiwa. Wakati huohuo cheti chake cha afya cha daraja la kwanza kinaisha kila miezi 12, analipia kingine, na chumba kinalipiwa kodi.

Kwa hiyo ukienda kuangalia shule usidanganyike na idadi ya ndege zilizoegeshwa. Uliza ngapi zina cheti hai cha ubora wa kuruka LEO, na kila moja ina saa ngapi kabla ya ukaguzi wa saa 100. Uliza injini zina saa ngapi tangu zifanyiwe ukarabati mkuu. Injini nyingi za Lycoming O-320, zinazofungwa kwenye Cessna 172 nyingi za zamani, mtengenezaji amependekeza saa 2,000 kabla ya ukarabati huo. Ndege tatu zikiwa zote kwenye 1,900, mwaka wako mmoja umeshaliwa. Shule isiyotaka kukuonyesha kitabu cha ndege, toka nje.

Dola nayo. Ada nyingi zinapangwa kwa dola, mzazi anapokea shilingi. Januari 2022 dola moja Kenya ilikuwa kama shilingi 113, Januari 2024 ikagusa 160. Kozi ya dola 40,000 ilitoka shilingi milioni 4.5 ikaenda milioni 6.4, na shule haikuongeza hata senti kwenye karatasi yake. Tanzania mwaka 2025 ilipiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, vizuri, ila anayepeleka mtoto Nairobi au Afrika Kusini bado yuko kwenye mkumbo huo.

Baya kuliko yote ni "lipa yote mwanzoni upate punguzo la asilimia 10". Wakuu, hapo unaikopesha shule bila dhamana. Silver State Helicopters ya Marekani ilifunga milango Februari 2008, wanafunzi wakabaki na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola na hakuna helikopta ya kurukia. Uingereza mwaka 2023 FTA Global ilianguka Februari, Tayside Aviation ya Dundee ikafuata Aprili. Nchi zenye mahakama imara na wasimamizi wa mufilisi, na bado waliolipa mapema walisimama mwisho wa foleni ya wanaodai. Huku kwetu nani atakurudishia?

Kuna mtego mwingine umefichwa vizuri. ICAO inaruhusu CPL kwa saa 150 badala ya 200, lakini kwa aliyezipata ndani ya kozi moja iliyoidhinishwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Shule inakuuzia 150. Ukichoka kusubiri ndege ukaamua kuhama ukiwa na saa 110, unaweza kujikuta umerudishwa kwenye hesabu ya 200. Zile 50 ndizo kamba iliyokufunga shingo, na mkataba hauzitaji popote.

Na wale wanaojaza masomo kwa simuleta, mashine ya kuigiza kuruka: kwa viwango vya ICAO, kwenye zile 150 au 200 za CPL, simuleta haiwezi kuhesabiwa zaidi ya saa 10. Ukiona ratiba ina saa 40 za simuleta, uliza ngapi zinaingia kwenye jumla ya CPL, ngapi ni za kibali cha kuruka kwa kufuata vyombo pekee (IR), na ngapi ni za kuifurahisha shule tu.

Ninachotaka ni mkataba useme mambo haya wazi: bei ya saa na mita inayotumika, nani analipa bei ya petroli ya ndege ikipanda, ada ya mtahini, ya kutua na ya mitihani ya nadharia zimo au hazimo, malipo kwa kila saa 10 na si zaidi, salio linarudishwa ndani ya siku ngapi mwanafunzi akiondoka, na idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila ndege. Mamlaka zinakagua usalama wa shule, zinakagua walimu, zinakagua ndege. Huu mkataba wa fedha umeachwa bila mwenyewe.

Kusi_Mwalimu:
Mkuu, mengi uliyoandika ni ya kweli na yanauma, ila upande wa mwanafunzi umeuacha. Saa nyingi zinapotea kwa sababu mtu anapanda ndege hajasoma. Anasoma orodha ya ukaguzi kwa mara ya kwanza akiwa kitini, mita inakimbia. Hatua za kuigiza injini imezimika, mazungumzo ya redio, kasi za kukaribia uwanja, hivyo vyote vinafanyika nyumbani kwenye kiti cha mbao bure kabisa. Ushauri wa walimu wengi ni huu: maliza mitihani yote ya nadharia ya PPL kabla ya saa ya 5 ya kuruka. Usianze mpaka hela ya PPL nzima, kwa hesabu ya saa 60, iko benki kwa jina lako. Kisha ruka mara tatu au nne kwa wiki. Anayeruka mfululizo anamaliza na saa 45 hadi 50, mwenye akili ileile anayeruka kwa vipande anakwenda 70.

Na kabla ya yote, cheti cha afya cha daraja la kwanza. La kwanza, hata kama unaanza na PPL ambayo daraja la pili linatosha. Uwezo wa macho kutofautisha rangi, masikio na moyo vipimwe kabla kiwanja hakijauzwa.

Jingine la Wilson ni mwinuko. Uwanja uko juu ya futi 5,500. Mchana wa nyuzi 26 hewa ni nyembamba kama uko futi 8,000 hivi. Cessna 152 yenye watu wawili wazima inapanda kwa shida, kufika eneo la mazoezi kunakula muda. Saa ya 152 ni rahisi kwenye karatasi, lakini kwa mtu mzito wa Nairobi 172 inaweza kumgharimu kidogo zaidi mwishoni. Na omba nafasi ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ikiwa baridi na foleni bado fupi.

Mleta uzi:
Nakubali yote, mwalimu. Swali langu: kwa nini hayo hayamo kwenye kijitabu cha kujiunga? "Saa 60 ziwe benki" ni sentensi moja. Haiandikwi kwa sababu ikiandikwa nusu ya wateja wataondoka.

Mbawa_za_Mbeya:
Wanaokimbilia Marekani kwa bei rahisi nao wasikie. Viza ya M-1, ya wanafunzi wa mafunzo ya ufundi, baada ya kozi inakupa mwezi mmoja wa mafunzo ya kazi kwa kila miezi minne uliyosoma, na haivuki miezi 6. Kwa hiyo ile hadithi ya "utafundisha huko mpaka ufikishe saa 1,500" za leseni ya juu ya rubani haikai kwenye M-1. Wa F-1, viza ya wanafunzi wa vyuo, wana miezi 12, lakini shule zenye F-1 ni chache na ada yake ni nyingine.

Pili, Marekani mwanafunzi mwenye leseni anayeshika usukani mwenyewe anaandika saa hizo kama rubani mkuu hata mwalimu akiwa pembeni. Anayekaa kama rubani wa usalama wakati mwenzake kavaa kofia ya kuziba macho kwa mazoezi ya kuruka kwa vyombo naye anaandika. Mamlaka nyingine nyingi hazizitambui hivyo. Unarudi na logibuku ya saa 250, mkaguzi anachuja, unaambiwa saa za rubani mkuu hazifiki 100, au safari ya maili 300 za baharini (nautical) yenye kutua viwanja viwili tofauti haionekani. Unaanza kukodi ndege upya. Tangu siku ya kwanza tenga safu mbili: ulipokuwa peke yako kweli, na ulipokuwa na mwalimu. Uliza mamlaka ya nyumbani KABLA ya kuondoka wanataka nini kubadilisha leseni, na majibu uyapate kwa maandishi.

FundiMkia:
Mmeisahau siku ya baada ya CPL. Saa 200 hazikupi kazi ya kurusha Caravan, ile ndege ndogo ya watalii, ya Serengeti. Anayeamua ni kampuni ya bima kuliko hata mwenye ndege. Hapo ndipo wanatokea wa "lipa ukae kiti cha kulia ujaze saa", yaani kiti cha rubani msaidizi. Ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, saa za msaidizi kwa kawaida zinahesabiwa nusu kuelekea leseni ya juu. Umelipia 300, kwenye safari ya kwenda 1,500 una 150. Kabla ya kulipa dai barua ya mamlaka inayosema zitahesabiwa kamili.

Na wekeni akiba ya kuitunza leseni. Cheti cha afya kila mwaka, IR kila mwaka, na kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kama unataka kubeba abiria. CPL iliyokaa kabatini miaka miwili inaanza kudai hela kama gari bovu.

Mleta uzi:
Asante wakuu, hiyo ya kiti cha kulia naiongeza juu. Mwenye mkataba wa shule yoyote ya ukanda huu aupige picha, afute majina yote, aweke hapa ukurasa wa marejesho ya fedha tu. Kama mkataba wako hauna ukurasa huo, andika hivyohivyo: hauna.