Wakuu, madema (mitego) ya kukunja au ya nondo? Nakwenda kutega kaa Pangani Desemba

MhamiajiDom:
Wakuu, habari za majukumu. Nilihamia Dodoma pamoja na wizara, vumbi na upepo nimeshavizoea, lakini kila Desemba nashuka Pangani kwa shemeji na kitu cha kwanza ninachokitaka ni kaa. Si wa biashara, ni wa kula sisi na watoto, wale wakubwa wa kwenye mikoko. Shemeji ana boti ya faiba ya futi 14 yenye mashine ndogo. Wakikaa watu watatu na ndoo, imejaa.

Mwaka jana nilijifanya mjuaji. Nikampa fundi wa kuchomelea hapa Kizota atengeneze madema manne ya nondo na wavu wa kuku. Konda akanitoza mzigo kana kwamba nimebeba friji. Tukatega jioni. Asubuhi dema la kwanza chambo kimeliwa, kaa hakuna. La pili hivyo hivyo. La tatu tulilikuta limekaa juu ya tope, maji yameshakupwa, ndani kaa wawili wamekufa kwa jua. La nne kamba yake iliingia kwenye pangaboi, tukaikata, dema likabaki huko huko. Hadi leo shemeji akinipigia simu anaanza kwa kuuliza bei ya madema.

Sasa nimeona yale ya nyavu yanayokunjika yakawa bapa kama sinia, sita yanaingia kwenye kiroba kimoja. Nichukue hayo au nirudi kwa fundi?

Zabibu_Kavu:
Mkuu uko mji wa zabibu unalilia kaa? Shika barabara ya Iringa, shuka Mtera, kula perege, rudi nyumbani.

BintiMkwaja:
Kaka pole, ila umenichekesha. Shida yako si nondo wala wavu, ni mlango. Kaa anafuata harufu, anatembea ubavuubavu akipapasa wavu mpaka apate pa kuingilia. Mlango uwe mpana kwa nje, uanzie chini kabisa usawa wa tope, upande kidogo kidogo kuelekea ndani huku ukibana, halafu uishie hewani. Akidondoka ndani hana pa kukanyaga ili arudi. Nahisi fundi wako alikata tundu tu. Kaa kaingia, kala, kaaga, kaondoka.

Dema liwe na milango miwili inayotazamana, na ulitege mlango mmoja ukielekea maji yanakotoka, mwingine yanakokwenda. Harufu inabebwa na mkondo, na kaa anaupanda mkondo huohuo mpaka mlangoni. Ukilikalisha upande, atakesha anagonga wavu.

Kwa boti ya futi 14 chukua ya kukunja, manne yanatosha. Ila kagua uzi, kwa sababu gando la kaa wa mikoko linakata wavu mwembamba kama mkasi. Na kwa kuwa ni mepesi, funga kipande cha nondo chini kila upande, la sivyo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, litayaburuta. Chambo ni vichwa vya samaki, vibichi, ndani ya kifuko cha wavu mgumu katikati ya dema.

MhamiajiDom:
Dada, lilikuwa tundu tu, wallahi! Fundi aliniuliza la nini, nikamwambia la kaa. Akanitazama, akasema kaa analolijua yeye ni la jikoni.

FundiNondo:
Msimwonee fundi, alitengeneza alichoagizwa. Wavu wa kuku kwenye maji ya chumvi hauna maisha, na panapoanza kuoza ni pale palipochomelewa, zinki inakuwa imeshaungua. Ukitaka la chuma, chomelea fremu peke yake, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha wavu uufunge kwa kamba ya nailoni. Dema la chuma linatulia kwenye mkondo kuliko hayo ya kukunja, hilo nitalitetea popote. Lakini kwenye boti ya watu watatu mtakalisha wapi miguu?

MzeeWaBoya:
Mimi linaloniuma ni lile lililobaki majini. Dema lililopotea halistaafu. Kaa anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha mwenzake, na mwenzake vilevile. Safari hii mlango wa kutolea kaa ufunge kwa kamba ya katani, si nailoni. Katani itaoza, mlango utaachia wenyewe. Na ubavuni chini acha upenyo kama wa sentimita 5 kwa 12, wadogo wajitokee.

Kamba: bamvua huko maji yanapanda zaidi ya mita 3. Ukipima maji yakiwa yamekupwa, yakijaa boya linazama. Iwe ndefu, lakini isielee juu. Funga bolti nzito mita moja na nusu chini ya boya, kamba isimame wima, pangaboi halitaipata. Na tega kwenye mkondo usiokauka, usidanganywe na maji ya jioni.

Halafu kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ipo tangu 2009. Shemeji apite kwanza kwa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi) na afisa uvuvi, hata kama ni ya mboga ya nyumbani.

BintiMkwaja:
Na jike mwenye mayai mrudishe. Mgeuze tumboni: dume ana kifuniko chembamba cha pembetatu, jike kipana cha mviringo. Aliyefia ndani ya dema usimpike.

MhamiajiDom:
Shukrani sana. Nachukua manne ya kukunja, na katani nitanunua hapa hapa.

Zabibu_Kavu:
Mmeshanitia hamu. Akipandishwa treni anafika Dodoma akiwa hai?

BintiMkwaja:
Anafika. Mfunge magando yote mawili, mfunike gunia lililoloweshwa maji ya bahari, mweke kivulini. Usimtie kwenye ndoo ya maji, hewa itamwishia kabla hajafika Morogoro.

MhamiajiDom:
Zabibu, wewe andaa ndimu. Na nauli ya gunia.