Greaves: kinga ya kale ya ugoko na pia jina la ukoo. Je, asili ni moja?

Kalamu_Nyeusi

Habari zenu wakuu. Natafsiri mchezo wa kuigiza unaotokea Uingereza miaka ya 1380, na nimekwama kwenye neno moja: *greaves*. Maelezo ya mavazi yanasema ni kinga ya chuma ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Mhusika mmoja naye anaitwa Greaves, na dibaji inadai ukoo wake ulipata jina kwa sababu mababu walikuwa wakifua kinga hizo.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Dai la dibaji ni kweli? Kwa Kiswahili tuiite nini, maana "silaha za miguu" naona haikai sawa kabisa? Na la mwisho linamhusu fundi wetu wa mavazi: jozi ya majaribio aliyokata kwa boksi gumu inateremka mwigizaji akitembea hatua kumi tu, na akipanda ngazi ukingo wa chini unamchoma mbele ya kifundo, pale mguu unapojikunja. Kosa liko wapi?

Asili_ya_Majina

Dai la dibaji si kweli, na umefanya vizuri kuuliza kabla halijachapwa. Hayo ni maneno mawili yaliyopita njia tofauti, yakaja kukutana kwenye tahajia tu.

La kinga limetoka Kifaransa cha kale, *greve*, yaani ugoko, na baadaye kile kinachofunika ugoko. Liliingia Kiingereza karne ya 14. La ukoo ni la Kiingereza cha kale chenyewe: *græfe*, kichaka au kijisitu, ndugu wa neno lililozaa *grove* ya leo. Aliyekaa kando ya kichaka aliitwa kwa kichaka chake, na ile s ya mwisho ni ya wingi au ya umiliki. Ndiyo maana ukoo huu una mizizi kaskazini na katikati ya Uingereza, mfano Derbyshire, Lancashire na Yorkshire, na ndiyo maana una ndugu kama Greave, Grove na Groves, wote watu wa vichakani.

Kipimo chepesi cha dai la aina hii ni hiki: fundi wa zama zile kwa kawaida aliitwa kwa kazi yake, mara chache kwa bidhaa yake. Mhunzi ni Smith. Mfua mavazi ya vita ni Armour au Armer, kutoka *armurier* ya Kifaransa, ingawa leo Armour likisomwa linaonekana kama jina la vazi lenyewe. Kama mwandishi wa mchezo anataka jina la ukoo lililotoka kweli kwenye vazi la mguu, lipo na ni la miaka ile ile: Chaucer. Limetoka *chaucier*, mtengenezaji wa *chausses*, nguo ya kuvika mguu, na neno hilo hilo *chausses* lilitumika pia kwa soksi ndefu za pete za chuma walizovaa wapiganaji wa farasi. Geoffrey Chaucer mwenyewe, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, katika hadithi ya Sir Thopas, anamvika shujaa wake kinga za miguu anazoziita *jambeux*, na anasema zilikuwa za ngozi iliyochemshwa. Mwambie fundi wa mavazi aisome mistari hiyo, itamfaa.

Usichanganye na Grieve, ambalo asili yake ni msimamizi wa shamba la bwana. Na ukikutana na *greaves* katika maandishi ya zamani ya jikoni au ya kulisha mbwa, hiyo si kinga wala si ukoo. Ni makombo yanayobaki mafuta ya mnyama yakishayeyushwa na kuchujwa, na neno lake limetoka Kijerumani cha kaskazini. Maneno matatu, herufi zile zile.

Msomi_wa_Maandiko

Kwa Kiswahili, mwili wenyewe unatupa neno: ugoko, au muundi kama wengine wasemavyo. Kwa hiyo "kinga ya ugoko", wingi "kinga za ugoko". Ni fupi, na mwigizaji anaweza kuitamka jukwaani bila kujikwaa.

Wafasiri wa Biblia walipita hapa zamani. Goliathi katika 1 Samweli 17:6 ana kinga hizi hizi za shaba miguuni, na Biblia ya Kiswahili imeziita mabamba ya shaba. Kiswahili tayari kina chapeo ya kichwa, dirii ya kifua na ngao ya mkono, ila ugoko haukuwahi kupata neno lake moja, ndiyo maana wakaeleza umbo. "Mabamba ya miguuni" ni sahihi na msomaji wa Biblia ataitambua mara moja. Ubaya wake ni kwamba haisemi ni sehemu gani ya mguu, na mchezo wako ukitaja kinga ya paja na ya goti pia, utakwama. Ningetumia "mabamba" pale mhusika anaponukuu Maandiko, na "kinga ya ugoko" kwingine kote. "Silaha za miguu" iache, maana silaha ni ya kushambulia.

Fuawe

Nakuja kwenye kuteremka, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Tazama mguu kwa pembeni. Chini kidogo ya goti ni mwembamba, kisha shavu la mguu linavimba, kisha unapungua hadi juu ya kifundo, kisha unapanuka tena kwenye zile nundu mbili za mfupa. Fundi wako, nadhani, amekata bomba lililonyooka upande wa juu na kuweka mkanda mahali penye unene mkubwa kuliko pote. Mkanda uliokaa kwenye kilele cha shavu hauna cha kuushikilia. Hatua ya kwanza unashuka kidogo, chini yake mguu ni mwembamba zaidi, basi unalegea na kushuka tena, mpaka kinga nzima inatua juu ya kifundo. Kuchoma na kuteremka ni kosa moja, si mawili.

Dawa yake: ukingo wa juu uingie ndani, juu ya uvimbe wa shavu, kama vidole viwili chini ya pia ya goti, na mkanda wa juu upite hapo hapo. Hapo shavu lenyewe linakuwa rafu inayobeba uzito. Kukaza zaidi mkanda uliopo hakusaidii. Kutazuia damu kupita, mwigizaji atapata ganzi, na kinga itashuka vilevile.

Vipimo vichukuliwe mtu amesimama, uzito uko mguuni, amevaa soksi na kiatu cha jukwaani. Mzunguko mara tano: chini ya pia ya goti, kwenye kilele cha shavu, katikati ya kilele na kifundo, mahali pembamba kabisa, na juu ya nundu za kifundo. Kila mzunguko uandikwe pamoja na umbali wake kutoka sakafuni, vinginevyo namba hizo hazina kazi. Ongeza sentimita 1 tu kwenye mzunguko, si zaidi. Kinga ya ugoko iliyolegea inaumiza kuliko iliyobana, maana inasugua.

Pima mguu wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake. Msuli wa ndani wa shavu unashuka chini zaidi kuliko wa nje, na nundu ya ndani ya kifundo iko juu kuliko ya nje. Kwa hiyo kinga ya kulia haiwezi kuvaliwa kushoto. Ukitazama kinga nzuri za karne ya 14 na 15 kwa mbele, utaona mstari wa ugoko una mpindo mdogo, haukunyooka kama rula. Fundi wa kale hakuwa anapamba, alikuwa anafuata mfupa.

Ukingo wa chini, mbele, ukatwe kama tao. Mwambie mwigizaji apige goti moja, kisha akunje wayo kuelekea juu kadiri awezavyo. Kati ya ukingo na mkunjo wa mguu kibaki kidole kimoja. Pembeni bamba liruhusiwe kushuka zaidi, lakini liwe na kikombe kidogo cha kuhifadhi kila nundu bila kuigusa.

Kabla sijaendelea: mnataka inayozunguka mguu wote, au ya mbele tu? Na ni chuma kweli?

Kalamu_Nyeusi

Asanteni sana, dibaji nitaandika maelezo ya kuisahihisha. Fuawe, ya mzunguko mzima. Chuma ni kizito kwa mtu anayecheza saa mbili, na baada ya kusoma habari ya ngozi iliyochemshwa hapo juu nimeanza kushawishika. Je, ngozi ya kawaida ya viatu inafaa?

Fuawe

Inategemea imetengenezwaje. Lazima iwe ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti. Ngozi ya kromu, yaani iliyolainishwa kwa kemikali ya kromu badala ya magome, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye viatu vingi, haitakuwa ngumu hata uiloweke mpaka kesho. Kata kipande kidogo utazame ubavuni: ya magome ni ya rangi ya hudhurungi mpaka katikati, ya kromu mara nyingi inaonyesha ukijivu au ubuluu.

Unene uwe milimita 4 hivi. Iloweke kwenye maji ya kawaida mpaka mapovu yaishe, kisha iingize kwenye maji ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Yasichemke. Neno "iliyochemshwa" limewaponza wengi: ngozi ikitokoswa kweli inakuwa kama biskuti, ukiigonga inavunjika. Jaribu kwanza vipande vitatu, kimoja sekunde 20, kingine 40, kingine 60, viache vikauke kabisa, kisha uchague ugumu unaotaka. Pima kila kipande kabla na baada, kwa sababu ngozi inanywea huku ikinenepa. Kinga nzima ikatwe kubwa kwa kiasi kile kile kipande kilichochaguliwa kilivyonywea. Wanaosahau hatua hii hubaki na kinga ya mtoto.

Ikitoka majini unazo dakika chache tu za kuivuta na kuikandamiza kwenye umbo. Umbo liwe la mbao au plasta lililochongwa kwa vipimo vile vitano, si mguu wa mtu, maana ngozi ni ya moto. Ifunge kwa kamba pana ya kitambaa. Kamba nyembamba inaacha alama zisizofutika. Ikauke kivulini siku mbili au zaidi. Ikianikwa juani, uso unakauka kabla ya kiini na kingo zinapinda nje.

Bawaba ziwe upande wa nje wa mguu, bizimu upande wa ndani. Upande wa nje ndio unaokutana na mapigo, na bawaba iliyolala bapa haina cha kukamatwa. Kwa bawaba tumia ribiti za milimita 3, acha milimita 3 hadi 4 zitokeze kwa ajili ya kufinya kichwa. Ukiacha ndefu zaidi inapinda badala ya kutandaa. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) upande wa ngozi, vinginevyo kichwa cha ribiti kitapenya siku ya tatu ya mazoezi.

Na kama siku moja mtarudi kwenye chuma, bamba la milimita 1 hadi 1.2 linatosha kwa ugoko.

Mlinzi_wa_Ghala

Nyongeza ya kipindi, maana maghala ya mavazi huchanganya kila kitu kwenye sanduku moja. Kinga za Kigiriki ni bronzi nyembamba isiyo na mkanda kabisa: unaitanua kwa mikono, unaivaa, inajibana yenyewe kwa mnyumbuko wake. Ukiona jozi ya namna hiyo iliyotobolewa ili kutiwa mikanda na bizimu, imeharibiwa. Za Kirumi ziliitwa *ocrea*, na baadhi ya wapiganaji wa uwanjani (*gladiators*) walivaa moja tu, mguu wa kushoto, ule uliotangulia mbele nyuma ya ngao. Kwa hiyo kinga moja peke yake si lazima iwe jozi iliyopotea mwenzake. Yenye bawaba na bizimu, ya mzunguko mzima, ndiyo ya mchezo wako.

Asili_ya_Majina

Kwa maelezo yako ya dibaji, hawa wawili wa ukoo huo wana habari inayostahili kutajwa. John Greaves, mwanahisabati wa Oxford, alipima Piramidi Kuu ya Giza, Misri, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1646. Na Jimmy Greaves, mshambuliaji wa Uingereza, alichanwa ugoko katika mechi dhidi ya Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 1966. Geoff Hurst akaingia nafasi yake, na kwenye fainali akafunga mabao matatu. Wakati huo vikinga ugoko havikuwa lazima, leo Sheria ya 4 ya mpira inavidai.

Kalamu_Nyeusi

Fundi amejaribu boksi jipya lenye shingo juu ya shavu na tao mbele. Imekaa mazoezi yote bila kushuka. Ila nundu ya ndani bado inaguswa akigeuka ghafla.

Fuawe

Kikombe cha ndani kimewekwa usawa mmoja na cha nje. Kipandishe sentimita 1 hadi 1.5, na ukihakikishe kwa chaki: paka nundu, mvalishe, ageuke mara kumi, kisha fungua utazame chaki imeachwa wapi. Hapo ndipo kilele cha kikombe kinatakiwa kuwa. Fanya hivyo kwa boksi kabla ngozi haijaingia majini, maana ikishakauka hutaweza kuisogeza.