Kampuni ya simu imetuletea E1 ya BNC wakati PABX yetu ni RJ45, fundi kakata nyaya, kafunga tepu, kaondoka

Wakuu, mnivumilie, leo nimejaa hadi hapa kooni.

Nasimamia mtandao na simu kwenye hospitali moja binafsi hapa Morogoro. Tumelipia laini ya E1 ili namba moja ipokee simu 30 kwa wakati mmoja. Kabla ya kulipa, mtu wao wa mauzo alikuja, nikamfungulia rafu, nikamwonyesha kwa kidole: tundu la PABX (mtambo wetu wa simu za ndani) ni RJ45, lile la waya wa mtandao, omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani). Akapiga picha na simu yake. Siku ya kufunga wakaleta boksi lenye matundu mawili ya duara ya BNC, omu 75, moja la kutuma na jingine la kupokea. Fundi ananigeukia: "Bosi, adapta unayo?" Mteja ndiye awe na adapta?

Nikaitwa wodini kidogo. Niliporudi alishamaliza, taa ya kijani inawaka, nikasaini.

Kuanzia siku ya pili simu zikaanza kukatika, na hazikatiki moja moja. E1 ni mkondo mmoja wa megabiti 2.048 kwa sekunde uliogawanywa njia 32, 30 za simu na mbili za kuratibu. Ukipoteza mpangilio, waliomo wote wanadondoka kwa pamoja. Dada wa mapokezi anaongea na ndugu wa mgonjwa aliye njiani kutoka Kilosa, kimya. Anapiga tena, kimya. Hasira zote za watu zinamwangukia yeye.

Jumamosi nikafungua nyuma ya rafu nikabandua ile tepu nyeusi. Wakuu, jamaa alikata waya wa koaksia, ule wa kama antena ya TV, akausokota na waya wa mtandao kwa mkono! Shaba ya katikati kaifunga kwenye waya wa bluu, zile nyuzi za nje zilizosukwa kazifunga kwenye mweupe wenye mstari wa bluu. Wa pili hivyo hivyo kwenye jozi ya chungwa. Hakuna lehemu, hakuna kiunganishi, tepu tu.

Omu 75 na omu 120 haziungwi hivyo. Mawimbi yakifika pale kwenye kiungo, sehemu yake inarudi ilikotoka na makosa yanaanza. Tena koaksia hubeba mawimbi kwenye waya mmoja wa katikati na ganda lake, wakati nyaya za jozi zinabeba kwa usawa pande zote mbili. Ndiyo maana kuna baluni, kidude kidogo chenye BNC mbili upande mmoja na RJ45 upande mwingine. Fundi wa E1 asiyeijua hiyo alipewaje kazi?

Nikapiga huduma kwa wateja mara nne. Mwishowe akaja mwingine, na baluni anayo. Nikashukuru Mungu. Akachomeka, taa nyekundu. Akadhani kutuma na kupokea vimepishana, na hapo alikuwa sahihi, ila akatoa waya wa mtandao wa krosi. Krosi ya mtandao inahamisha pini 1 na 2 kwenda 3 na 6, wakati E1 inatumia 1, 2, 4 na 5. Nikamwambia, akanijibu yeye ana uzoefu. Nikautoa mwenyewe, nikaweka waya wa kawaida ulionyooka, nikabadilishanisha vile vichwa viwili vya BNC. Kijani. Saa tatu nzima hakuna simu iliyokatika.

Halafu akachomoa baluni akaiweka mfukoni! Eti ni kifaa cha kupimia, kazi yao inaishia kwenye boksi, mteja anunue yake. Akarudisha ile misokoto ya mwenzake mbele ya macho yangu. Ankara ya mwezi huu imekuja kamili, haijapungua hata senti.

Barua yangu kwa kampuni imeshapokelewa na kugongwa muhuri, nakala ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, naipeleka Jumatatu. Nadai baluni ifungwe kwa gharama yao, na siku zote za kukatika zitolewe kwenye ankara. Walipiga picha tundu letu kabla ya kupokea hela.

Ila wagonjwa hawasubiri barua. Mwenye kujua duka Dar lenye baluni ya omu 75 kwenda 120, BNC mbili kwa RJ45, aniambie usiku huu. Nalipa mwenyewe, ipakiwe basi la kwanza asubuhi, nitaipokea stendi ya Msamvu.