Naomba ushauri: Volyumu ya LVM inakwamisha seva kila stima ikirudi

Wadau, habari zenu. Nina seva ndogo ya Ubuntu kwenye duka letu la kuchapisha picha hapa River Road. Diski mbili nimeziunganisha kwa LVM (mfumo wa Linux wa kufanya diski kadhaa ziwe hifadhi moja, yaani volyumu), na moja iko nje, kwenye kasha la USB (msinicheke, ndiyo bajeti). Mstari wangu ndani ya /etc/fstab (faili la orodha ya diski za kumaunti, yaani kuunganishwa na folda, seva ikiwaka) ni huu:

/dev/data/picha /srv/picha ext4 defaults 0 2

Nikiandika `mount -a` kwa mkono, inakubali bila neno. Lakini stima ikipotea na kurudi, seva inasubiri sekunde 90, kisha inaingia hali ya dharura mpaka mtu achomeke kibodi. Jumamosi mtu huyo nilikuwa mimi, mbio na matatu kutoka Kasarani, wateja wamejaa mlangoni. Nashuku ile diski ya USB huchelewa kuamka.

Nimewaza kuweka `nofail,x-systemd.device-timeout=180`, yaani isubiri diski sekunde 180 na iendelee kuwaka hata ikikosekana. Hofu yangu ni hii: volyumu isipopatikana, programu ya picha itaandika kwenye folda tupu na kujaza diski ya mfumo kimyakimya. Je, `RequiresMountsFor=/srv/picha` kwenye huduma ya programu hiyo (isianze kabla volyumu haijamauntiwa) yatosha, au pia niifunge folda kwa `chattr +i`, isiandikike, kabla ya kumaunti?

Kijana mmoja ananiambia kwenye fstab nitumie UUID (namba ya utambulisho ya mfumo wa faili) badala ya jina la volyumu. Sijashawishika, maana snapshoti ya LVM (nakala ya volyumu ya wakati fulani) huwa na UUID ileile ya volyumu asili, nami huzitengeneza kila usiku. Nimekosea?